CSR si ushuru, na wajibu si hiari

Juzi kwenye kikao cha wafanyabiashara hapa Dodoma, mwenzetu mwenye mashine ya kukamua alizeti alisimama akasema, "Sisi CSR tumeshalipa, risiti hii hapa." Nikaichungulia: ushuru wa huduma. Si mara ya kwanza kusikia hivyo, wala ya tano.

CSR ni wajibu wa kampuni kwa jamii, yaani namna inavyobeba matokeo ya shughuli zake kwa watu na mazingira yanayoizunguka. Ushuru wa huduma ni tozo ya halmashauri, umewekwa na sheria, usipolipa unadaiwa. Basi.

Kinachonikera ni hilo neno "wajibu". Ni la Kiarabu, na waliokaa madrasa wanalijua: la wajibu halikwepeki, la sunna ukiliacha huandikiwi dhambi. "Hiari" nalo ni la Kiarabu, kuchagua, na mzizi wake ni mmoja na wa "heri". Sasa sisi tunaita kitu wajibu, halafu pumzi hiyohiyo tunamwambia mtu ni hiari yake. Atashika lipi? Kisha mwaka 2017 Sheria ya Madini ikarekebishwa, mwenye leseni ya madini akatakiwa kila mwaka aandae mpango wa CSR na kukubaliana na halmashauri husika. Kwake yeye ni wajibu wa madrasa kabisa. Mkamua alizeti kifungu hicho hakimgusi, ila habari zake amezisikia, ndiyo maana akaja na risiti.

Vyama vyetu navyo huongeza ukungu. TCCIA, chemba ya wafanyabiashara iliyoanzishwa mwaka 1988, unajiunga ukitaka. Ufaransa si hivyo, kule sheria ndiyo inayomfunga mfanyabiashara kwenye chemba yake. (Hapa Dodoma ukimwambia mtu "jiunge na chemba" anaweza kudhani unamtuma wilaya ya Chemba, njia ya Kondoa, au mbaya zaidi kwenye shimo la maji taka.) Chama cha hiari kikipitisha mchango wa madawati, anayedaiwa ni yule aliyeahidi, na anadaiwa neno lake. Mgambo hawahusiki.

Na madawati yenyewe, tuseme ukweli, mara nyingi ni hisani. Hisani ni njema, watoto wanakaa. Lakini unaweza kutoa madawati mia na bado moshi wako ukaingia darasani yalipo.

Kwa hiyo kaka, ile risiti itunze vizuri, na kikaoni sema tu "ushuru tumelipa". Wakikuuliza CSR, waambie yale makapi uliyokuwa unachoma nyuma ya shule siku hizi unayapeleka wapi.