Kukoboa si kusaga

Mtu ameambiwa kliniki apunguze vyakula vilivyokobolewa. Anaacha ugali wa dona, yaani wa unga wa mahindi yaliyosagwa pamoja na ganda lake, na kuhamia kwenye makande ya mahindi meupe yaliyopitishwa mashineni, akiamini kwamba sasa anakula nafaka nzima kwa kuwa punje anaziona kwa macho. Mwenzake ananunua mkate wa rangi ya kahawia na kujihesabu ameshabadili ulaji. Wa tatu anashikilia kwamba unga wowote umekobolewa, maana umesagwa. Wote wana nia njema, tena kubadili mazoea ya chakula ukubwani ni kazi nzito inayostahili heshima. Neno "kukoboa" ndilo lililowaponza.

Maana yenyewe ni fupi. Nafaka isiyokobolewa ni ile iliyobaki na sehemu zake tatu kwa kiasi kile kile ilichotoka nacho shambani: ganda la nje ambalo likitolewa tunaliita pumba, kiini ambacho ndicho mche unapoanzia, na wanga ulioko ndani. Ichemshwe ikiwa punje, iparazwe au isagwe mpaka iwe laini kama poda, haijakobolewa madhali hakuna sehemu iliyoondolewa.

Kitenzi ndicho kinachohitaji kuangaliwa kwa karibu. Kiswahili kina kitenzi kwa kila hatua kati ya shamba na chungu, kwa sababu kila hatua ilikuwa kazi ya mikono ya mtu. Mpunga hupurwa. Mahindi hupukuchuliwa kwenye gunzi. Nafaka hupepetwa kwa ungo, hukobolewa, hutwangwa, huparazwa, husagwa, na unga huchekechwa. Sasa liweke neno koboa pamoja na ndugu zake: pukuchua, ng'oa, chomoa, bandua, ambua, nyofoa. Mwisho huo wa -oa na -ua katika vitenzi hivi una kazi yake. Unaonyesha kitu kinachotolewa mahali kilipokuwa kimeshika. Anayekoboa lazima awe na kitu pembeni alichokitoa. Anayesaga hatoi chochote: kilichoingia kinuni ndicho kinachotoka, kimebadilika umbo tu.

Wenye mashine wanaijua tofauti hii vizuri, ndiyo maana bango huandikwa "Tunakoboa na kusaga" na bei zake ni mbili. Ukiingia ndani utakuta mitambo miwili. Kwenye ule wa kukoboa, mahindi hunyunyiziwa maji kidogo ili ganda lilegee, kisha hupita kwenye silinda inayoyasugua. Upande mmoja zinatoka punje nyeupe zilizoparuzwa, upande wa pili pumba inamwagika kwenye gunia lake, na ukiichota kiganjani inashika mafuta kidogo. Mafuta hayo ni ya kiini. Punje nyeupe ndizo zinazohamishiwa kwenye mashine ya kusaga na kutoka sembe. Dona hupelekwa moja kwa moja kwenye mashine hii ya pili.

Kinachopotea unaweza kukiona jikoni. Loweka punje chache za mahindi usiku kucha, asubuhi uipasue moja kwa kisu kwa urefu. Kwenye ncha iliyokuwa imeshika gunzi utaona kitu kama ulimi mdogo, rangi ya krimu, laini kuliko sehemu nyingine. Hicho ndicho kiini. Kwa uzito ni kama asilimia 10 hadi 12 ya punje, lakini kimebeba sehemu kubwa mno ya mafuta yake, pamoja na vitamini E na madini. Ganda ni kama asilimia 5 au 6, karibu lote nyuzilishe (fiber), yaani sehemu ya mmea ambayo tumbo haliwezi kuimeng'enya. Mashine ya kukoboa haina macho ya kuchagua. Ikiondoa ganda inaondoka pia na kiini na kipande cha wanga, na ndiyo sababu gunia la kilo 100 likishakobolewa hutoa sembe ya kilo 70 hadi 80 hivi, kutegemea ukali wa mashine. Kinachobaki wanalishwa kuku na ng'ombe. Kwa hesabu ya nyuzilishe, gramu 100 za unga wa mahindi usiokobolewa huwa na takriban gramu 7, na uliotolewa kiini na ganda huwa na gramu 4 au pungufu.

Kwa hiyo makande yale ya mahindi yaliyokobolewa, sawa na muthokoi, chakula cha mahindi yaliyokobolewa cha Ukambani nchini Kenya, ni nafaka iliyokobolewa hata kama punje zinaonekana. Dona, pamoja na kuwa unga, haijakobolewa. Githeri, yaani makande ya Kenya, ya mahindi yenye maganda yake nayo haijakobolewa. Nadhani tafsiri ya "nafaka nzima" imechangia mkanganyiko huu, kwa kuwa sikio la Mswahili likisikia nzima linafikiria kitu ambacho hakijavunjwa. Isiyokobolewa ni neno bora, likitumiwa kwa maana yake.

Kwenye mchele neno hilo linataka uangalifu zaidi. Mpunga ukikobolewa unakuwa mchele. Kwa hiyo "mchele usiokobolewa", ukifuata lugha neno kwa neno, ni mpunga, na mpunga hakuna anayeupika. Zipo hatua mbili ambazo zimebanwa katika neno moja. Ya kwanza ni kutoa kumvi, ganda gumu lisiloliwa, na hapo unapata mchele wa rangi ya hudhurungi ambao bado una ngozi yake na kiini. Ya pili ni kuusugua mchele huo mpaka uwe mweupe na kung'aa, na kinachotoka ni wishwa. Hatua ya kwanza hatuna namna ya kuikwepa. Ya pili ndiyo inayopeleka nyuzilishe kutoka gramu 3.5 hivi kwa kila gramu 100 hadi gramu 1.3, na kuondoa sehemu kubwa ya vitamini B1. Kinachoshauriwa, kwa hiyo, ni mchele usiong'arishwa.

Hatua hii ya pili ina historia inayofaa kujulikana. Miaka ya 1890 huko Batavia (leo Jakarta), kisiwani Java, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman aliona kuku waliolishwa wali wa mchele uliong'arishwa wakilegea miguu, dalili zinazofanana na ugonjwa wa beriberi kwa watu. Waliporudishiwa mchele wenye ngozi yake walipona. Utafiti ulioanzia hapo ulisaidia dunia kufahamu kuwepo kwa vitamini, na mwaka 1929 Eijkman alishiriki Tuzo ya Nobel. Ugonjwa ule ulitokana na kukosa vitamini B1, iliyobaki kwenye wishwa.

Ngano iko tofauti tena. Kiwandani haikobolewi kwanza ndipo isagwe. Hupasuliwa kwa roli za chuma, kisha huchekechwa mara nyingi kutenga pumba na kiini na unga mweupe. Tofauti ni kubwa: takriban gramu 10 za nyuzilishe kwa gramu 100 za unga ulio kamili, na chini ya 3 kwa ule mweupe. Hapa ndipo rangi ya mkate inapodanganya. Mkate unaweza kuwa kahawia kwa sababu ya karameli au molasi, au kwa kunyunyiziwa pumba kidogo juu. Geuza mfuko usome viambato, ambavyo hupangwa kuanzia kilicho kingi. Lebo nyingi za kwetu ni za Kiingereza: kiambato cha kwanza kikiwa "wheat flour" bila neno "whole" mbele yake, msingi wa mkate huo ni unga mweupe, hata ukiwa kahawia. Ukikuta "caramel" au E150 chini yake, umeshapata jibu la rangi.

Neno lingine linalochanganywa na hili ni kurutubishwa. Kenya na Tanzania zina sheria zinazowataka wenye viwanda kuongeza vitamini na madini, chuma na zinki yakiwemo, kwenye unga wa pakiti. Ni jambo jema na limesaidia wengi. Lakini kurutubisha hakurudishi ganda wala mafuta ya kiini, kwa hiyo sembe iliyorutubishwa inabaki kuwa sembe.

Anayehamia kwenye dona ayajue matatizo yake mapema, asije akakata tamaa wiki ya pili. Mafuta yale ya kiini yakishasagwa hukutana na hewa na kuanza kuchacha. Sembe hukaa miezi, ila dona kwenye joto la Pwani huanza uchungu baada ya wiki chache tu. Saga kidogo kidogo, kilo 5 hadi 10, kiasi cha kumalizika ndani ya wiki mbili au tatu. Unga hutoka mashineni ukiwa wa moto. Utandaze upoe kabisa kabla ya kufunga, la sivyo jasho lake litaotesha ukungu ndani ya ndoo. Kwenye kupika, dona hunywa maji zaidi na huchelewa kuiva: anza na uji, uache uchemke dakika 5 hadi 7 kabla ya kuongeza unga, kisha usonge kwa moto mdogo. Ugali wa dona unaolalamikiwa kuwa na mchanga mara nyingi haukuiva. Tumbo nalo lipewe muda. Changanya fungu moja la dona na matatu ya sembe kwa wiki ya kwanza, uongeze taratibu, na maji ya kunywa yaongezeke. Mchele usiong'arishwa uloweke angalau nusu saa, uweke maji vikombe viwili na nusu kwa kikombe kimoja, na uupe dakika 40 hivi.

Jambo moja ni zito kuliko yote hayo. Sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu, hasa aflatoksini, hukaa zaidi kwenye ganda na kiini, sehemu zile zile ambazo dona inazibakiza. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui zikiwemo, watu 317 waliugua na 125 walifariki baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Kuchemsha hakuiondoi. Kwa hiyo mahindi ya dona yachambuliwe kwa mkono juu ya ungo: toa yenye ukungu, yaliyobadilika rangi, yaliyopasuka na yaliyotobolewa na wadudu. Yawe yamekauka hadi unyevu wa asilimia 13.5 au chini. Usipoyaamini mahindi, ni heri kuyaacha. Asiye na uhakika wa mahindi yake asilaumiwe akichagua unga wa pakiti uliopimwa.

Na mwenye kisukari asidhani dona imempa ruhusa ya kujaza sahani. Wanga wake ni gramu 77 hivi kwa gramu 100 za unga, sembe ni 79. Nyuzilishe hupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu, lakini tonge likiwa kubwa, sukari itapanda vile vile. Ugali ujae robo ya sahani, mboga za majani zijae nusu, na maharage au samaki wachukue robo iliyobaki.

Ukienda mashineni, basi, usiseme tu "nataka dona", kwani wapo wanaokoboa mara moja kwa wepesi na kuuita dona. Sema "saga bila kukoboa", na usimame hapo uone debe lako linamiminwa kwenye mashine ipi. Na wewe unayekula makande, endelea nayo, ni chakula kizuri na maharage yake yanasaidia. Ila safari ijayo sokoni chota punje kiganjani kabla hujapimiwa, uangalie ile ncha. Ikiwa na pengo pale ulimi ule wa krimu ulipokuwa, mahindi hayo yameshakobolewa. Muulize muuzaji kama anayo mengine.