Mbegu ya mchicha huchaguliwa kabla ya kuchuma

Kazi yangu ni mbegu za mboga, na watu huniletea za nyumbani niziangalie. Wengi wamekausha vizuri, wamefunga vizuri, hata tarehe wameandika. Kasoro huwa imeanzia mbali zaidi: mmea uliotoa mbegu hizo ndio uliosalia baada ya familia kula yote mizuri.

Tuanze na mchicha. Jioni mama anaingia bustanini, anang'oa ile iliyonenepa. Ule wenye majani membamba na shina gumu, ulioanza kutoa maua mapema, hakuna anayeutaka, basi unaachwa "uwe wa mbegu". Rudia hivyo misimu kadhaa, utajikuta na mchicha unaotoa maua ungali mfupi kama kiganja, na hapo lawama zote anabebeshwa udongo. Ni kweli kwamba ukame na njaa ya mbolea huharakisha maua, lakini hayo yanatibika kwa maji na samadi. Tabia iliyorithiwa haitibiki hivyo. Umekuwa ukichagua wawahi-maua bila kukusudia.

Kwa hiyo fanya kinyume. Kabla hujachuma jani la kwanza, pita kwenye tuta, ufunge kitambaa chekundu kwenye mashina kumi hivi yenye majani mapana na yasiyo na ugonjwa, kisha uwaambie wote nyumbani kwamba hayo hayaguswi. Shina moja la mchicha laweza kutoa mbegu makumi ya maelfu, kwa hiyo hatuachi kumi ili tupate nyingi. Tunaacha kumi ili uzao usitoke kwa mzazi mmoja tu. Yanayowahi kutoa maua yang'oe na kuyala upesi, maana chavua ya mchicha hupeperushwa na upepo. Mchicha pori ulio kando ya uzio nao uondoke.

Kuvuna usingoje suke likauke lote, utapukutisha nusu ardhini. Lipigepige juu ya kiganja: zikianguka chembe nyeusi zinazong'aa, kata. Zikiwa bado za kahawia hafifu, subiri. Tandaza masuke juu ya kanga kivulini penye upepo, kisha pukusua na upepete taratibu kwa ungo, huku mgongo umeupa upepo.

Kwa mboga za matunda kosa huwa jingine: kutoa mbegu kwenye tunda la kulia. Ngogwe (nyanya chungu) tunaila ikiwa nyeupe au ya kijani, lakini mbegu yake hukomaa tunda likishakuwa jekundu. Tango liache hadi liwe la njano. Bamia ikaukie mtini hadi ganda lianze kupasuka.

Nyanya inayolika imeshakomaa mbegu, ila kila mbegu imevaa utelezi unaoizuia kuota. Kamulia kwenye kikombe, funika kwa kitambaa, acha siku 2 au 3 mpaka utando wa ukungu utokee juu. Usizidishe, zitaanza kuotea humo humo. Osha, mwaga zinazoelea, kausha kwenye sahani, karatasi huzing'ang'ania. Kama pakiti uliyonunua iliandikwa F1, yaani mbegu chotara ya aina mbili zilizochavushwa pamoja, jua kwamba watoto hawatafanana na mzazi. Aina kama Tanya na Tengeru 97 hazina shida hiyo.

Maboga ndiyo wakorofi. Nyuki hubeba chavua kutoka kwa jirani bila kukuomba ruhusa. Jioni tafuta ua jike na ua dume yanayokaribia kufunguka (jike lina kiboga kidogo chini yake), uyafunge midomo kwa uzi. Asubuhi yafungue, paka chavua, kisha lifunge tena lile jike na uweke alama kwenye kikonyo chake.

Sasa kuhifadhi. Wataalamu wa mbegu wana kanuni ya makadirio: unyevu ndani ya mbegu ukipungua kwa asilimia 1, muda wa kuishi huongezeka karibu mara mbili; joto likishuka nyuzi 5 za Selsiasi, vivyo hivyo. Ndiyo maana mfuko wa karatasi juu ya kabati unaweza kufaa Arusha na usifae Tanga. Ukiwa pwani tumia chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana. Kaanga mchele mkavu hadi ubadilike rangi, uache upoe ukiwa umefunikwa, ufunge kwenye kitambaa na uuweke ndani pamoja na mbegu. Chupa ikitoka kwenye friji isifunguliwe mpaka ipoteze ubaridi, la sivyo mbegu zitaloa jasho la hewa. Kunde zikague kwanza: ukiona vidoa vyeupe vimebandikwa kwenye ganda, hayo ni mayai ya fukusi.

Wiki moja au mbili kabla ya kupanda, hesabu mbegu 20, zikunje ndani ya kitambaa chenye unyevu, weka mahali pa joto. Zikiota 16 au zaidi, panda kama kawaida. Zikiota 10, mwaga mara mbili ya kiasi chako kwenye kitalu. Mbegu ya kitunguu iliyopita mwaka usiiamini kabla ya jaribio hili, hata kama inaonekana nyeusi na nzima.