Vidoti vinne nyuma ya lenzi: data ya sinema inavyofika kwenye kompyuta

Chukua lenzi ya sinema yenye elektroniki, ivue kifuniko cha nyuma, utazame pete ya chuma inayoingia kwenye kamera. Utaona vidoti vinne vidogo vya rangi ya dhahabu. Hapo ndipo kamera inapoipa lenzi umeme, na lenzi ikajibu: fokasi iko umbali gani, tundu la mwanga limefunguka kiasi gani, na kama ni lenzi ya zumu, imewekwa milimita ngapi. Majibu hayo yanaandikwa pamoja na picha, fremu kwa fremu.

Lenzi na kamera huzungumza kwa lugha maalumu. Kampuni ya lenzi ya Cooke ya Leicester, Uingereza, inaita lugha yake /i. Kampuni ya kamera ya ARRI ya Ujerumani ina ya kwake, LDS. Mwaka 2017 kampuni ya Zeiss ilitoa lenzi za CP.3 XD zinazotumia lugha ya Cooke na kuongeza habari mbili: jinsi lenzi inavyopinda mistari iliyonyooka, na jinsi mwanga unavyofifia pembeni mwa picha. Kwa hiyo usitazame vidoti peke yake. Uliza pia kamera yako inaelewa lugha ipi.

Kwa nini tuhangaike na namba hizi? Fikiria mtu anatembea kuelekea kamera, na msaidizi wa kamera anamfuata kwa fokasi kutoka mita 4 hadi mita 1. Lenzi nyingi, fokasi inapohama, picha nayo hutanuka au kubana kidogo. Mafundi husema lenzi inapumua. Sasa kuna mwenzetu kwenye kompyuta anayetakiwa kuweka jengo lisilokuwepo nyuma ya mtu huyo. Kwa fremu 25 kwa sekunde, tukio la sekunde 10 lina fremu 250, na jengo lake lazima lipumue sawasawa na picha katika kila moja. Akiwa na data, programu inamsaidia. Asipokuwa nayo anakisia kwa macho, nukta kwa nukta, siku nzima. Nimewaona watu wakikesha kwa kazi ambayo lenzi ilikuwa tayari kuwafanyia, na inaniuma.

Njia ya pili ni soketi iliyo ubavuni mwa lenzi. Kwenye lenzi za /i, kebo inatoka hapo hadi kwenye kompyuta kwa mawasiliano ya siriali, yaani biti moja baada ya nyingine, biti 115,200 kwa sekunde. Laptopu za siku hizi zinahitaji adapta ya USB. Kompyuta inatuma amri fupi ya herufi, lenzi inarudisha namba. Njia hii inafaa sana kwenye studio zenye ukuta wa skrini za LED, ambako mandhari ya nyuma lazima ibadilike papo hapo na lenzi. Ila namba hizo zenyewe hazisemi ni za fremu ipi. Zikirekodiwa nje ya kamera, chombo cha kurekodi na kamera vishike taimukodi moja, yaani saa inayoipa kila fremu namba yake, la sivyo utakuwa na namba sahihi za fremu nyingine.

Angalia pia vipimo. Lenzi moja inasema kwa futi, nyingine kwa mita, na 6 iliyosomwa vibaya ni tofauti ya zaidi ya mita 4. Umbali wa fokasi nao kwa kawaida hupimwa kutoka kwenye sensa ya kamera, kile kipande kinachopokea picha, si kutoka kwenye kioo cha mbele.

Adapta za kuunganisha lenzi na kamera ndizo zinazoua data kimyakimya. Pachiko, yaani sehemu ya kamera inayoshika lenzi, lina aina zake. La PL linaweka lenzi milimita 52 kutoka kwenye sensa. LPL, lililotoka 2018, linaiweka milimita 44. Pete ya adapta inayojaza zile milimita 8 ikikosa vidoti, picha itatoka safi kabisa na data haitakuwepo. Mauti mengine yako kwenye chumba cha uhariri: faili la kamera likigeuzwa kuwa faili jepesi, mara nyingi data ya lenzi hubaki nyuma. Toeni jedwali la CSV, yaani faili la namba za lenzi kwa maandishi, kutoka kwenye faili asilia kabla ya kugeuza chochote.

Siku moja kabla ya kupiga picha, futa vidoti kwa kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi, funga lenzi, rekodi sekunde 10 huku ukizungusha pete ya fokasi mwanzo hadi mwisho. Kisha fungua faili kwenye kompyuta ile ile itakayotumika kwenye kazi, utazame kama safu ya umbali inabadilika. Ikisimama kwenye namba moja, bado una usiku mzima wa kutafuta kebo, pete au mpangilio wa kamera ulioikwamisha.