Je, wajua kwa nini mmoja hukomaa na mwingine hukata tamaa?

Mtaani kwetu Mbagala, Dar es Salaam, ukilalamika kwamba mambo hayaendi, jibu ni moja: "Komaa." Bodaboda atakwambia, konda wa daladala atakwambia, hata anayekudai atakwambia. Hakuna anayekueleza mtu anakomaa kwa kutumia kitu gani.

Jirani yangu anauza vitumbua. Zamani alikuwa akidamkia soko la Feri kununua samaki, anawakaanga na kuwauza jioni pale kituoni. Bei ya mnadani ikapanda, mafuta ya kula yakapanda, mtaji ukaliwa. Siku hizi jioni anasaga mchele aliouloweka, anatia nazi, iliki na hamira, na saa kumi alfajiri chuma kiko juu ya mkaa. Anamimina shimo moja baada ya jingine, akifika la mwisho la kwanza liko tayari kugeuzwa. Sasa huyu tuseme amekomaa, au aliacha?

Mwaka 2007 Angela Duckworth, mwanasaikolojia wa Marekani, na wenzake walichapisha kipimo cha ung'ang'anizi chenye maswali 12. Waliwapima nacho wanafunzi wapya wa chuo cha kijeshi cha West Point, na alama zake zilibashiri nani atamaliza kambi ngumu ya mwanzo vizuri zaidi kuliko alama walizoingia nazo chuoni. Ila kipimo kile kilichanganya mambo mawili: kutolegeza juhudi, na kushikilia lengo lilelile miaka nenda rudi. Mwaka 2017 Marcus Credé na wenzake walikusanya tafiti zenye watu zaidi ya 66,000, wakakuta lenye uzito zaidi ni lile la kwanza. Tena ung'ang'anizi wenyewe ulikaribia sana kuwa sifa ya siku zote, ile ya mtu anayetimiza wajibu wake bila kusukumwa. Kwa hiyo kuhama kutoka samaki kwenda vitumbua si dhambi.

Juhudi nayo hailiwi kavu, inataka matumaini. Waswahili tunasema penye nia pana njia, kana kwamba vinazaliwa pamoja. Charles Snyder wa Chuo Kikuu cha Kansas alivitenganisha. Katika kipimo chake cha matumaini cha mwaka 1991 aliweka maswali 4 ya nia, 4 ya njia, na mengine 4 ya kuzugia tu ili anayejibu asishtukie. Kwake, mwenye matumaini ana vyote viwili: anataka, na njia moja ikizibwa anaona nyingine. Nadhani hapo ndipo "komaa" yetu inapopwaya. Inagawa nia bure, njia kila mtu ajitafutie.

Na anayekaa tu akaacha kujaribu, ni mvivu? Mwaka 1967 Martin Seligman na Steven Maier walieleza jaribio (la kikatili, tuseme ukweli) ambapo mbwa walipigwa shoti ya umeme wasiyoweza kuizima. Baadaye waliwekwa mahali ambapo kuruka kizuizi kifupi kungewaokoa, na wengi wao walilala chini wakivumilia. Watafiti wakasema mbwa wamejifunza unyonge. Karibu miaka 50 baadaye, mwaka 2016, wawili haohao waligeuza maelezo yao: kuzubaa ndiko hali ya asili ya ubongo mateso yanapozidi, na kinachofundishwa ni kuona kwamba kuna kitu unaweza kukidhibiti. Chuma cha vitumbua, hata kiwe kidogo vipi, kinadhibitika. Bei ya mnada wa Feri haidhibitiki.

Kuacha nako kuna namna yake. Mwaka 2003 Carsten Wrosch na wenzake walionyesha kwamba wanaoweza kuachana na lengo lisilofikika, kisha wakajifunga kwenye lengo jipya, huwa na hali bora ya nafsi. Kuacha bila kushika kingine ni habari tofauti.

Juzi nikiwa nasubiri vitumbua vyangu vya shilingi elfu moja, nilimuuliza mama huyo jirani kama samaki walimshinda. Alifuta mikono kwenye kanga, akacheka.

"Wateja ni walewale, mwanangu. Nimewafuata asubuhi, wakiwa bado na hela."