Picha ya WhatsApp haimfungi mtu

Kila linapozuka wimbi la vijana wa panga, iwe Kisauni, Likoni au Majengo, sisi wa afisi ya mashtaka hapa Mombasa hupokea lalamiko lile lile: mnawashika asubuhi, jioni tunapishana nao maskani. Majuzi tuliitwa kwenye baraza la chifu kulijibu. Mzee mmoja akasimama, kofia mkononi, akasema enzi za Mkoloni mwizi alitiwa Ngomeni na mtaa ukalala. Akapigiwa makofi.

Ni kweli, Ngome hiyo, Fort Jesus, ilikuwa jela kuanzia 1895 hadi 1958. Lakini mwaka 1953, Ngome ikiwa bado jela, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilitoa uamuzi katika kesi ya Abdalla bin Wendo ambao mawakili wa utetezi wanatusomea hadi leo. Ushahidi wa mtu mmoja aliyemwona mshtakiwa katika mazingira magumu unaweza kumtia hatiani, ila lazima upimwe kwa uangalifu mkubwa. Mazingira magumu ni usiku, ni hofu, ni dakika moja ya panga shingoni. Yaani karibu kila kesi ya aina hii inayofika mezani kwangu. Mwaka 1986, katika kesi ya Maitanyi, Mahakama ya Rufaa ya Kenya ikayataja na maswali yenyewe: mwangaza ulikuwa wa aina gani, mkubwa kiasi gani, na ulikuwa upande gani wa mshukiwa?

Maswali haya huonekana ya kitoto mpaka uyasikie yakiulizwa. Namkumbuka mama muuza viazi karai aliyenyang'anywa simu na mauzo ya siku. Wakili akamuuliza alimwonaje kijana. Kwa taa ya duka. Duka lilikuwa wazi? Lilifungwa, ila balbu ya nje ilikuwa ikiwaka. Balbu hiyo ilimmulika usoni au ilikuwa mgongoni kwake? Mama akageuka kunitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwepo. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba kijana alikuwa mteja wake, mwaka mzima akimuuzia viazi, na jina lake la utani analijua. Wakili akafungua taarifa ya kwanza aliyoandikisha kituoni, akamsomea: vijana watatu nisiowajua. Kesi ikaishia hapo.

Baadaye mama aliniambia aliogopa kulitaja jina pale kaunta, watu wamejaa. Namwelewa. Lakini kumtambua mtu usiyemjua na kumtaja mtu unayemjua ni vitu viwili mbele ya hakimu, na cha pili kina uzito zaidi, mradi kiwe kimesemwa tangu siku ya kwanza. Kama kaunta ina watu, omba mpelelezi akuandikie ndani. Taja jina la utani, kovu, jino, sauti, jezi. Taja na taa. Usitie sahihi kabla hujaisoma taarifa au kusomewa.

Sasa picha, na hili linanichosha. Mtu akivamiwa usiku, kufika saa mbili asubuhi grupu ya mtaa imesharusha picha ya kijana, imezungushiwa duara jekundu: huyu ndiye. Aliyevamiwa anaiona mara kumi kabla ya kufika kituoni. Mnadhani mmetusaidia. Mmempa mshukiwa utetezi wake.

Nieleze kwa nini. Mshukiwa asiyejulikana na shahidi hupangiwa gwaride la utambulisho. Husimamishwa na watu wasiopungua wanane wanaofanana naye kwa umri, kimo na sura kwa jumla. Huambiwa anaweza kuwa na wakili au rafiki pale. Huchagua mwenyewe pa kusimama, na shahidi mmoja akishatoka anaweza kubadilisha nafasi kabla ya mwingine kuingia. Afisa anayepeleleza kesi haendeshi gwaride. Shahidi hamnyooshei mtu kidole kwa mbali, humgusa. Na hapaswi kuwa amemwona mshukiwa kabla ya hapo, hata kwenye picha. Swali la kwanza la wakili huwa: uligusa uso wa aliyekuvamia, au uso uliouona kwenye simu? Video ya kamera ya duka ni jambo jingine. Hiyo usiisambaze, mpe mpelelezi, na mwenye mtambo aambatanishe cheti kinachotakiwa na Sheria ya Ushahidi.

Kuhusu adhabu, watu wanazo hadithi zao. Wizi wa mabavu chini ya kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu unahitaji jambo moja tu kati ya matatu: silaha ya hatari, au kuwa na mwenzako mmoja au zaidi, au kumjeruhi au kumpiga mtu wakati huo. Moja linatosha. Kwa hiyo kijana wa miaka 19 anayedai alisimama tu kona akiangalia njia anakabiliwa na shtaka lile lile la aliyeshika panga, na adhabu yake ni kifo. Hakuna aliyenyongwa Kenya tangu 1987, lakini hukumu bado imo sheriani. Uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 2017 katika kesi ya Muruatetu, ulioondoa ulazima wa hukumu ya kifo, ni wa kesi za mauaji, na mahakama hiyo ilirudia kulisema hilo mwaka 2021. Anayekutwa na panga katika hali inayoonyesha anakwenda kutenda uhalifu mkubwa, hata kabla hajamgusa mtu, ni miaka 7 hadi 15. Na wewe uliyenunua simu kwa bei ya kutupa huku ukijua ilikotoka, kupokea mali ya wizi ni hadi miaka 14. Wengi hushtuka wakisikia hili. Sijui kwa nini.

Tukirudi kwa lile lalamiko la kuwashika asubuhi na kupishana nao jioni. Kabla ya Katiba ya 2010 mshtakiwa wa wizi wa mabavu hakupewa dhamana. Sasa Ibara ya 49 inataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na aachiliwe kwa masharti yanayofaa isipokuwa pawe na sababu nzito. Dhamana si hongo, wala si kufutiwa kesi. Sababu nzito ni kama kutisha mashahidi, lakini hakimu hawezi kuisikia ikiwa imesemwa kibarazani tu. Ukitishwa, ripoti kituoni upewe namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio, kisha mwambie mpelelezi ili uape hati ya kiapo tuipeleke kortini. Dhamana iliyokwisha kutolewa inaweza kufutwa vilevile.

Na familia zinazokaa maslaha, yaani kikao cha suluhu, nyuma ya pazia, zikalipana na kutuletea barua ya msamaha: sheria inaruhusu upatanisho kwa makosa madogo ya watu binafsi. Wizi wa mabavu haumo. Mlalamishi asipotokea, mashahidi wakinyamaza, kesi hufa kweli, na wiki hiyo hiyo sisi hutumiwa ujumbe kwamba serikali imelala.

Baraza lilipokwisha, mzee alinifuata garini. Alitaka nimwandikie vya kumwambia mwanawe, ambaye kumbe ndiye aliyevamiwa. Nikaandika kwenye karatasi: namba ya OB, jina la mpelelezi, namba ya kesi, tarehe ya kutajwa. Akaikunja mara nne, akaitia ndani ya kofia, akaivaa.