Lincoln ya Uingereza: yanayosimuliwa na yaliyoandikwa

Ukimtajia mtu jina Lincoln, wa kwanza kumjia kichwani ni rais wa Marekani, yule mrefu mwenye ndevu na kofia ndefu. Wengi hudhani mji wa Lincoln ulioko mashariki mwa Uingereza ulipewa jina lake. Sivyo. Mji ulikuwa na jina hilo zaidi ya miaka elfu moja kabla yeye hajazaliwa. Wenyeji wa kale waliuita kwa neno lao la dimbwi, kwa sababu ya bwawa lililo chini ya kilima. Waroma wakalitamka Lindum, na mwishoni mwa karne ya 1 walipoufanya makazi ya askari wao wastaafu wakaongeza Colonia. Lindum Colonia ikapita katika vinywa vya watu karne baada ya karne mpaka ikabaki Lincoln. Bwawa lipo bado, linaitwa Brayford Pool. Wazee wa Abraham Lincoln walitoka Hingham, katika kaunti ya Norfolk, na waliondoka mwaka 1637.

Nimeupenda mji huu kwa sababu historia yake huifuati kwenye majumba ya makumbusho peke yake. Unaikuta kwenye vibao vya mitaa, kwenye kuta, na kwenye madaftari ya makanisa ya vijijini. Ila ndiyo maana pia maneno yasiyo sahihi yameota mizizi: kila mtu anapita, anaona, anahadithia. Haya ni baadhi ya yale ninayoyasikia mara kwa mara.

"Mitaa inayoishia na gate ilikuwa na mageti"

Sisi tunaosema geti kila siku ndio wepesi wa kunaswa hapa. Bailgate, Danesgate, Saltergate, Flaxengate, Hungate: unatafuta lango, hulioni. Neno hilo limetokana na gata, la watu wa Denmark walioiteka sehemu hii katika karne ya 9 wakakaa na kuoa, na maana yake ni njia. Malango halisi ya mji yana majina mengine. La kaskazini ni Newport Arch, lililojengwa na Waroma, na magari yanapita chini yake hadi leo. Mwaka 1964 lori lililozidi kimo lilikwama humo na kulibomoa sehemu, likatengenezwa upya. La kusini ni Stonebow, yaani tao la mawe.

Ukitoka mjini, alama za Wadenmark ni nyingi zaidi. Spilsby, Grimsby, Saxilby, Wragby: kaunti ya Lincolnshire ina vijiji na miji zaidi ya 200 yenye mwisho huo wa "by", ambao kwao ulikuwa na maana ya shamba au kijiji. Sehemu ya kaskazini ya kaunti, Lindsey, iligawanywa mara tatu na kila kipande kikaitwa "riding". Watu hudhani ni habari za kupanda farasi, kumbe ni neno la kale lenye maana ya theluthi.

"Ukitafuta habari za kaunti, nenda makao makuu ya kaunti hiyo"

Kwa anayefuatilia ukoo au kijiji, kosa hili hula wiki nzima za kazi. Mipaka ya kanisa na mipaka ya serikali haikuwahi kulingana. Katika Zama za Kati askofu wa Lincoln alitawala dayosisi iliyoanzia mto Humber kaskazini ikashuka mpaka mto Thames: Lincolnshire, Leicestershire, Northamptonshire, Rutland, Huntingdonshire, Bedfordshire, Buckinghamshire, Oxfordshire na kipande cha Hertfordshire. Kasisi wa kijiji kando ya Oxford aliwekwa kazini na askofu mwenye kiti Lincoln, na kumbukumbu yake ikaandikwa huko. Ndiyo maana nyaraka za askofu Hugh wa Wells, aliyeanza kazi mwaka 1209, ambazo ni za kale kuliko za askofu mwingine yeyote wa Uingereza katika aina yake, zinataja vijiji ambavyo leo hakuna anayevihusisha na Lincoln.

Sasa geuka upande wa pili. Newark iko Nottinghamshire, mwendo mfupi tu kusini-magharibi mwa Lincoln. Lakini Nottinghamshire ilikuwa chini ya askofu mkuu wa York mpaka mwaka 1837. Unaweza kusimama Newark siku ya anga safi na kuiona minara ya Lincoln, huku kumbukumbu za kikanisa za mahali uliposimama zilipelekwa York, mbali kaskazini.

Jingine linalowapoteza wengi ni tarehe. Madaftari ya ubatizo, ndoa na maziko yalianza kwa amri ya mwaka 1538, na mpaka mwaka 1752 mwaka mpya Uingereza ulihesabiwa kuanzia Machi 25. Mtoto aliyeandikwa kubatizwa Februari 10, 1701, kwa hesabu yetu alibatizwa mwaka 1702. Wakati mwingine unamkuta mtoto "amezaliwa" miezi mingi baada ya kubatizwa, unaanza kumlaumu kasisi wa watu aliyeandika sawasawa kabisa kwa kalenda ya wakati wake.

"Uingereza haina matetemeko, na kanisa hili limesimama hivi tangu mwanzo"

Kanisa kuu la Lincoln lilizinduliwa mwaka 1092. Mwaka 1185 tetemeko la ardhi lililipasua vibaya, na kazi ya kulijenga upya ilianza mwaka 1192 chini ya askofu Hugh wa Avalon. Katika miaka ya 1230 mnara wa katikati ukaporomoka. Ukajengwa mwingine, na mwaka 1311 ukavikwa kilele cha mbao kilichochongoka kufikia, kwa kipimo kinachotajwa zaidi, mita 160. Likawa jengo refu kuliko yote duniani, kuipita Piramidi Kuu ya Giza. Dhoruba ya mwaka 1548 ilikiangusha kilele hicho na hakikurudishwa. Mnara unaouona leo, wa mita 83 hivi, ni ule uliobaki bila kofia yake. Na Februari 27, 2008 tetemeko la kipimo cha 5.2 lilianzia jirani na Market Rasen, humu humu Lincolnshire.

"Wanawake wa enzi hizo walikaa ndani"

Huyu anastahili kukumbukwa kwa jina: Nicola de la Haye. Aliirithi kazi ya kulinda ngome ya Lincoln kutoka kwa baba yake, na mwaka 1191 aliishikilia ilipozingirwa. Mwaka 1216, akiwa mjane mtu mzima, alimwendea Mfalme John na funguo mkononi, akamwambia umri umemwelemea, azichukue. Mfalme alizikataa, akamwambia aendelee nazo. Oktoba mwaka ule ule mfalme akamteua kuwa liwali wa Lincolnshire, na usiku huo akafariki huko Newark.

Mwaka uliofuata mabwana walioasi utawala wa mfalme, pamoja na jeshi la mwana wa mfalme wa Ufaransa, waliuteka mji, wakaizingira ngome. Mama huyu hakufungua. Mei 20, 1217 William Marshal alifika na jeshi la mfalme mtoto Henry III, na waasi wakavunjwa mitaani, kwenye mteremko ule ule ambao leo watalii wanaupanda wakishika reli ya chuma. Lincoln ingeanguka, huenda Uingereza ingekuwa na mfalme Mfaransa. Siku nne baada ya ushindi Nicola aliondolewa uliwali, cheo kikapewa bwana mkubwa mmoja, jamaa wa mfalme, aliyeichukua na ngome. Nicola hakunyamaza. Alilipeleka shauri lake mbele ya mfalme na akairudisha ngome yake.

"Magna Carta ni karatasi moja, na mfalme aliitia saini"

Hati hii, ambamo Mfalme John aliahidi mwaka 1215 kuheshimu haki za mabwana waliomwasi, ni ya ngozi, si ya karatasi. Hakuitia saini kwa kalamu. Ilitiwa muhuri wake wa lakiri. Na nakala zilikuwa nyingi, zikatumwa sehemu mbalimbali za nchi. Za mwaka 1215 zimebaki nne: mbili London, moja Salisbury, moja Lincoln. Hiyo ya Lincoln ina neno Lincolnia mgongoni, kwa mkono wa wakati ule, kuonyesha inakopelekwa. Ilikuwa Marekani kwa maonyesho mwaka 1939 vita vilipoanza, ikalindwa huko mpaka vikaisha. Sasa iko ndani ya ngome ya Nicola.

"Mambo ya mji wa mkoani Uingereza yanatuhusu nini?"

Kaunti hii inatuhusu sisi tunaoandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi. Mashariki mwa Lincoln, kuelekea bahari, pana kijiji kinaitwa Little Steeping. Katika miaka ya 1860 kasisi wake alikuwa Edward Steere. Mwenziwe William Tozer alikuwa kasisi wa Burgh-le-Marsh, jirani tu. Tozer alipofanywa askofu mwaka 1863 na kutumwa Afrika, alimwomba Steere amsindikize, na mwaka 1864 wakahamia Unguja. Steere alikaa na Waunguja akajifunza kwao. Mwaka 1870 akatoa kitabu cha sarufi na mkusanyiko wa hadithi alizosimuliwa na wenyeji. Biashara ya watumwa kwa njia ya bahari na masoko yake vilipigwa marufuku mwaka 1873 na Sultani Barghash chini ya shinikizo la Waingereza. Ndipo kanisa la Mkunazini likajengwa mahali pa soko, na Steere, aliyekuwa askofu kuanzia mwaka 1874, akasimamia ujenzi wake. Alifariki Unguja mwaka 1882 na amezikwa humo.

Kuna wanaosema yeye ndiye "aliyekipa Kiswahili maandishi". Hapana. Kiswahili kilikuwa kikiandikwa kwa herufi za Kiarabu, tenzi na barua, muda mrefu kabla padri yeyote wa Lincolnshire hajapanda jahazi. Alichofanya ni kusikiliza vizuri na kuchapisha.

"Yule mtoto Hugh aliuawa na Wayahudi"

Hili nimeliweka mwisho kwa kuwa ndilo lililoua watu.

Mwishoni mwa Julai 1255 mtoto wa Lincoln, jina lake Hugh, alipotea. Mwezi mmoja baadaye mwili wake ulikutwa kisimani. Uvumi ukaenea kwamba Wayahudi wa mji wamemtesa na kumwua kwa ajili ya ibada. Mtu mmoja aitwaye Copin alikamatwa, akaahidiwa kuachiwa uhai wake akikiri, akakiri. Henry III alipofika, akaamuru anyongwe. Wayahudi 90 hivi walipelekwa London kufungwa, na 18 kati yao wakanyongwa baada ya kukataa kuhukumiwa na baraza la Wakristo watupu. Waliobaki waliachiwa mwaka uliofuata. Mali za waliokufa ziliangukia hazina ya mfalme.

Hapakuwa na ushahidi hata mmoja. Tuhuma ya aina hiyo hiyo ilikuwa imeshatumika Norwich karne moja nyuma na ikaenea Ulaya. Lakini mtoto alizikwa ndani ya kanisa kuu kwa heshima ya mfia dini, watu wakaja kuhiji kaburini, sadaka zikaingia. Mwaka 1290 Wayahudi wote walifukuzwa Uingereza. Na zaidi ya miaka mia moja baada ya kisa chenyewe, washairi walikuwa bado wanamtaja mtoto huyo kama jambo la juzi.

Mkanganyiko unazidi kwa sababu, ukimwacha Hugh wa Wells, kanisa lina Hugh wawili. Yule wa kwanza, askofu Hugh wa Avalon, ndiye mtakatifu anayetambuliwa. Alipofariki mwaka 1200, mwandishi wa maisha yake aliandika kwamba Wayahudi wa Lincoln waliufuata msafara wa jeneza wakilia, wakimwita mtumishi wa kweli wa Mungu, kwa kuwa alikuwa amewakingia kifua wakati wa ghasia. Miaka 55 tu baadaye mji huo huo ukafanya uliyoyafanya.

Mabaki ya kaburi la mtoto yapo upande wa kusini, kando ya mahali wanapoketi wanakwaya. Si makubwa, ni jiwe la kijivu la urefu wa mtoto, na bila kuelekezwa ungepita. Katika miaka ya 1950 kanisa liliweka kibao penye kaburi. Kinasema wazi kwamba hadithi za mauaji hayo zilitungwa, kwamba ziligharimu maisha ya Wayahudi wengi wasio na hatia, kwamba hazileti sifa kwa Ukristo, na kinamalizia kwa kuomba msamaha wa Mungu. Nilisimama nikakisoma mara mbili. Kanisa lenyewe limeandika, juu ya kaburi ambalo liliwahi kulineemesha, kwamba neno lile lilikuwa uongo.

Ukitoka hapo ukishuka Steep Hill, kabla mteremko haujaisha unakutana na nyumba ya mawe ya katikati ya karne ya 12 yenye tao lililochongwa mlangoni. Inaitwa Jew's House, nyumba ya Myahudi. Mapokeo ya mji yanasema mwenye nyumba wa mwisho kabla ya kufukuzwa alikuwa mwanamke Myahudi jina lake Belaset, aliyenyongwa mwaka 1290 kwa tuhuma ya kukata kingo za sarafu. Nyumba nyingine ya mawe juu zaidi kilimani iliitwa kwa muda mrefu nyumba ya Aaron, mkopeshaji tajiri aliyefariki mwaka 1186, mpaka wachunguzi walipoona hakuna kinachomwunganisha nayo. Siku hizi inaitwa Norman House. Jina la Aaron limeondolewa pasipo pake. Kwenye Jew's House tao bado lipo, na watu wanaingia na kutoka chini yake kila siku.