Je, Wajua Kwa Nini Kusoma Fasihi kwa Kuongozwa Humsaidia Mtu Aliyelemewa na Mawazo?

Mtu aliyelemewa na mawazo jijini Dar es Salaam huambiwa maneno yale yale: jikaze, piga moyo konde, mwachie Mungu. Husemwa kwa nia njema, lakini aghalabu humfunga mdomo anayeambiwa, kwa kuwa akishaitikia hana tena la kuongeza. Usomaji wa fasihi kwa kuongozwa, ambao katika nchi kadhaa hutumiwa kusaidia afya ya akili, huanzia upande mwingine kabisa: haumdai mtu aeleze shida yake, bali humpa shida ya mwingine aizungumzie.

Nguvu ya njia hii imo hapo. Mwenye sonona, yaani huzuni nzito inayodumu, akiulizwa ana nini, hujibu kwamba yu salama, hata kama usiku kucha hakupata lepe la usingizi. Lakini akiulizwa ni kwa nini mhusika wa hadithi amekataa kuwafungulia mlango ndugu waliokuja kumpa pole, hujibu bila woga, kwa sababu hajiaibishi yeye, na jibu lake hutokana na yale anayoyajua moyoni mwake. Akimaliza kumtetea mhusika huyo, mara nyingi amekwisha kujieleza mwenyewe.

Tuchukue shairi ambalo Shaaban Robert alimwombolezea mkewe, Amina. Mwongozaji hulisoma kwa sauti mbele ya watu wachache, kila mmoja akiwa na nakala mkononi, kisha hunyamaza mwishoni mwa ubeti na kuuliza: mbona mshairi anamsemesha Amina mwenyewe, ilhali amekwisha kufa? Hakuna jibu sahihi linalosubiriwa. Mmoja atasema ni desturi ya mashairi ya maombolezo. Mwingine, aliyefiwa na mumewe, huenda akasema kwamba yeye pia humwita marehemu kila asikiapo geti likifunguliwa jioni, na kwamba alidhani anarukwa na akili. Kwa wengi huo ni msaada mkubwa: kugundua kuwa jambo walilolificha kama ugonjwa limewahi kumpata mtu mwingine, tena akaliandika kwa vina na mizani bila kuona haya.

Kusoma kwa sauti nako kuna sababu. Sonona hudhoofisha uwezo wa kumakinika, hivyo kumkabidhi mgonjwa riwaya nene akaisome peke yake chumbani kunaweza kumwongezea hisia ya kushindwa. Sauti ya msomaji humshika mkono, mwendo huwa wa polepole, na hata asiyesoma vizuri hushiriki sawa na wenzake. Sisi watu wa Pwani hatuhitaji kufundishwa jambo hili upya, kwa maana tenzi zetu tangu zamani zilitungwa zighaniwe na kusikilizwa na watu waliokaa pamoja.

Dhana ya kuutumia usomaji kama tiba ilipewa jina la Kiingereza «bibliotherapy» mwaka 1916 na mchungaji Mmarekani Samuel Crothers, katika makala yake kwenye jarida la The Atlantic Monthly, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza vitabu vilipelekwa hospitalini kwa askari majeruhi. Nchini Uingereza, shirika la The Reader lililoanzia Liverpool limeeneza vikundi vya kusoma fasihi kwa sauti, na mwaka 2013 ulianzishwa mpango unaowawezesha wahudumu wa afya kuwaelekeza wagonjwa kwenye vitabu maalumu maktabani. Ni haki kusema wazi kwamba tafiti nyingi za tiba hii zimepima vitabu vinavyomfundisha msomaji mbinu za kukabiliana na hali yake, si riwaya wala mashairi, ambayo ushahidi wake bado ni mchache. Hata hivyo, zimeonyesha mara kwa mara kwamba anayesoma huku akifuatiliwa na mtu hunufaika zaidi kuliko anayeachiwa kitabu tu.

Ndiyo maana neno «kuongozwa» lina uzito. Katika Kichwamaji, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1974, mhusika mkuu Kazimoto huishia kujiua. Ni kazi kubwa ya fasihi, na ninaiheshimu mno, lakini kumpa kijana aliyekata tamaa aisome usiku peke yake ni hatari. Mwongozaji lazima awe ameisoma kazi nzima kabla ya kikao, ajue ni ukurasa upi utauma na ni nani atakayeumia, naye akubali kuiweka kando kazi nzuri ambayo wakati wake haujafika.

Hapa Dar es Salaam hatuna budi kuanza na vilivyopo. Maktaba Kuu ya Taifa iliyopo Barabara ya Bibi Titi Mohamed, iliyofunguliwa mwaka 1967, ina vitabu na meza. Misikiti, makanisa na shule za kata zina kumbi ambazo baadhi ya siku hukaa tupu. Shairi moja au hadithi ya kurasa chache hutosha kwa saa nzima, mradi mwongozaji awe mvumilivu wa kimya na asigeuze kikao kuwa mtihani wa fasihi. Yeye si daktari, na anapaswa kuujua mpaka wake. Mshiriki anayesikia sauti wasizozisikia wengine, au anayezungumzia kujidhuru, asindikizwe siku hiyo hiyo hospitalini. Muhimbili ina idara ya magonjwa ya akili, na nafasi ya mshiriki huyo kikundini imsubiri mpaka atakapopata nafuu.